Mabwawa ya Zamani na Mstari Unaopanda Peke Yake

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Mpanda, mkoani Katavi



Nimeombwa nieleze namna takwimu zinavyoweza kuchorwa zikatusaidia kujua kama bwawa la zamani bado ni salama. Ningeweza kuanzia ughaibuni, lakini naona tuanzie Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Bwawa kubwa kuliko yote yaliyowahi kubomoka kwenye upeo wa macho ya watu wa mkoa huu lilibomokea ng'ambo ya Karema, na halikujengwa na binadamu.

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alizunguka sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika akitafuta mahali maji yanapotokea. Aliuona mdomo wa Mto Lukuga, upande wa Kongo, ukiwa umezibwa kwa tope na majani. Miaka miwili baadaye msafiri Stanley alirudi Ujiji. Aliikumbuka miti mitatu iliyokuwa sokoni alipofika mara ya kwanza mwaka 1871. Sasa ilikuwa imesimama majini, kama mita 30 kutoka ufukweni. Ziwa lilikuwa linapanda na halina pa kwenda. Mnamo 1878 kizuizi cha Lukuga kilizidiwa, na Joseph Thomson alipopita mwishoni mwa 1879 aliukuta mto unakwenda kwa kasi kuelekea Kongo. Mwaka huohuo Kapteni Cambier wa Ubelgiji alikuwa anafungua kituo Karema kando ya maji. Wenzake waliomfuata walilitazama ziwa likiwakimbia mwaka hadi mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka takribani mita 10.

Leo wanasayansi wanaweza kuuchora mstari wa ziwa hilo katika karne ya 19: unapanda taratibu, unafika kileleni, unaporomoka. Wameuunganisha kutokana na maneno ya wasafiri. Lakini karibu kila msafiri wakati ule alikuwa na nukta yake moja tu mkononi. Stanley alikuwa na mbili, kwa sababu alikuja mara mbili na akawa na bahati ya kukuta miti ya kulinganishia. Hiyo miti mitatu ya Ujiji ndiyo rula ya kwanza ya kina cha maji ninayoifahamu katika historia ya ukanda wetu, na mtu aliyeisoma alikuwa mpita njia.

Sasa tuje kwenye mabwawa yetu.

Mji wa Mpanda ulizaliwa na mgodi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1960, yaani reli ilipata mzigo wa mgodi kwa miaka kumi tu. Mji ulibaki, ukakua, ukawa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012. Maji hayakukua pamoja nao. Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kisha miezi sita ya kiangazi ambapo kila ng'ombe, kila bustani na kila ndoo hutegemea maji yaliyozuiwa mahali fulani. Ndiyo maana tuna malambo ya mifugo, vizuizi vya umwagiliaji kando ya Mto Katuma, na bwawa la Milala ambalo kila mmoja wenu analijua. Mengi kati ya hayo ni matuta ya udongo, mengine yana umri mkubwa kuliko walinzi wake, na mengine hayana mlinzi.

Nchi nzima iko hivyohivyo. Hombolo la Dodoma ni la 1957. Nyumba ya Mungu, kwenye Mto Pangani, limepita nusu karne. Kidatu lilianza kufua umeme mwaka 1975. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilitaja miaka 50 kuwa umri ambao bwawa kubwa la zege huanza kuonyesha dalili za uzee. Mimi siupendi sana umri kama kipimo. Kuna bwawa la miaka 70 lililotunzwa ambalo ningelala chini yake bila wasiwasi, na kuna la miaka minne ambalo nisingeegesha hata baiskeli hapo.

Ushahidi uko upande wangu kwa sehemu. Mwaka 2000 wahandisi Foster, Fell na Spannagle wa Australia walichapisha uchambuzi wa mabwawa makubwa ya tuta zaidi ya 11,000 duniani. Karibu nusu ya yaliyobomoka yalibomoka kwa sababu maji yalipita juu ya tuta au njia ya kutolea mafuriko ilishindwa kazi. Karibu nusu nyingine yalibomoka kwa sababu maji yalijipenyeza ndani ya tuta au chini yake, yakawa yanabeba udongo punje kwa punje hadi pakawa na tundu. Na katika hilo kundi la pili, kama theluthi mbili zilitokea bwawa lilipojazwa mara ya kwanza au ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Kwa hiyo bwawa lililofika uzeeni limeshavuka mtihani mkubwa. Theluthi iliyobaki ndiyo ya leo: mabwawa yaliyokaa kimya miaka mingi, watu wakayazoea, mchwa wakachimba, mizizi ya mti uliokatwa ikaoza na kuacha bomba, kisha msimu mmoja maji yakapanda kuliko yalivyowahi kupanda.

Hatari hizo mbili, maji ya juu na maji ya ndani, kila moja ina mchoro wake. Nianze na ule wa maji ya ndani, maana ndio unaonisumbua zaidi.

Kila tuta la udongo huvuja. Asikudanganye mtu kwamba lake halivuji. Chini ya tuta, upande wa nyuma, kuna mahali penye majani mabichi hata mwezi Septemba. Hapo ndipo maji yanatokea. Swali ni kiasi gani, na je, kiasi hicho kinabadilika kwa sababu tunayoijua? Kupima ni rahisi. Unachimba mfereji mdogo wa kuyakusanya maji, unaweka bomba fupi, unakinga ndoo ya lita 20 na kuangalia saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde. Unaandika tarehe, unasoma kina cha maji kwenye rula iliyosimikwa bwawani, unaandika na hicho. Kama kulikuwa na mvua jana, unaandika pia, kwa sababu maji ya mvua yanayotiririka kwenye nyasi za tuta yatachanganyika na yale ya ndani. Ni bora kusubiri siku mbili kavu.

Sasa tuna daftari. Wengi huishia hapo, na daftari huliwa na panya wa ofisini. Wachache huchora, na mchoro wanaouchora kwanza ni wa tarehe kwenye mhimili wa mlalo na mvujo kwenye mhimili wa wima. Mchoro huo ni mzuri kwa kuonyesha kwamba kazi imefanyika. Kwa kuonyesha hatari, hautoshi. Katika nchi ya msimu mmoja wa mvua kama yetu, mvujo utapanda kila Machi na kushuka kila Septemba, mwaka baada ya mwaka, na jicho litazoea mawimbi hayo. Mvujo ukizidi kidogo mwaka wa tatu, msimamizi atasema mwaka huu mvua zilikuwa nyingi. Pengine ni kweli. Mchoro haumkatalii.

Tuchore upya. Tarehe tuiondoe kwenye mhimili. Kwenye mlalo tuweke kina cha maji bwawani, kwenye wima mvujo. Namba nitakazozitaja nimezitunga kwa ajili ya mfano, si za bwawa lolote. Mwaka wa kwanza: kina kikiwa mita 2.1, mvujo ni lita 0.2 kwa sekunde. Kina kikifika mita 3.8, mvujo ni lita 0.5. Nukta za mwaka mzima zinajipanga kama mkanda mmoja unaopanda kwenda kulia. Mwaka wa pili nukta zinaangukia juu ya mkanda uleule. Bwawa linajibu maji kama lilivyozoea. Mwaka wa tatu, kwa kina kilekile cha mita 3.8, nukta inakuja kwenye lita 0.9. Kina hakikuongezeka, mvujo umeongezeka. Hapo huwezi tena kuisingizia mvua, kwa sababu mvua ingekuwa imepandisha kina pia. Kitu kimebadilika ndani ya tuta.

Huo ndio mstari unaopanda peke yake, na mhadhara wangu wote umekuja kwa ajili yake.

Akina mama waliomo humu wananielewa kuliko wahandisi. Kadi ya kliniki ya mtoto ni grafu. Muuguzi haridhiki na kilo za leo. Anatazama mstari umeelekea wapi ukilinganishwa na umri. Mtoto mwenye kilo nzuri ambaye mstari wake umelala miezi mitatu humtia wasiwasi kuliko mtoto mdogo wa umbo anayepanda vizuri. Tanzania imewafundisha mamilioni ya watu kusoma grafu kwenye benchi la zahanati. Hakuna sababu mlinzi wa bwawa ashindwe.

Kuna mambo matatu ya kuongeza kwenye mchoro huo, na sitayapa uzito sawa.

La kwanza ni rangi ya maji. Kinga maji ya mvujo kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iache rafuni usiku kucha. Asubuhi ukikuta tope chini, nukta ya siku hiyo ijaze wino. Maji yakiwa safi, iache duara tupu. Bwawa linalotoa lita moja ya maji meupe linaweza kuendelea hivyo miaka mingi. Linalotoa nusu lita ya maji ya tope linatoa mwili wake.

La pili ni kwamba mvujo ukipungua ghafla, kina kikiwa kilekile, usishangilie. Huenda njia ya kutolea maji imeziba, na maji yanajikusanya ndani ya tuta yakitafuta kwingine pa kutokea. Nukta iliyoanguka chini ya mkanda inastahili safari ya kwenda kulitazama tuta sawa na ile iliyopanda juu.

La tatu ni mtego wa wale wenye vifaa bora kidogo. Mabwawa mengine yana bati lililokatwa pembe ya nyuzi 90, umbo la herufi V, na mlinzi husoma kina cha maji yanayopita kwenye pembe hiyo. Akichora kina hicho moja kwa moja, anaficha habari. Kina cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Kina cha sentimita 10 ni kama lita 4.4. Kina kimezidi mara mbili, maji yamezidi zaidi ya mara tano. Kwenye karatasi mstari unaonekana kama umenyanyuka kidogo tu, huku nyuma ya tuta mambo yamechacha. Ibadilishe kwanza kuwa lita, ndipo uchore.

Lakini nisiwauzie mchoro kama hirizi. Tarehe 5 Juni 1976, Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lilianza kutoa maji ya tope asubuhi, kama saa moja na nusu. Kabla saa sita mchana haijagonga, tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi zaidi kama ingekuwa usiku. Daftari linalojazwa mara moja kwa mwezi haliwezi kuyaona masaa manne na nusu. Grafu inakuambia ni bwawa lipi likae na mtu macho wazi mvua zikikolea. Kuangalia kwenyewe bado ni kazi ya macho.

Upande wa maji ya juu, mchoro wake ni mwingine kabisa: sura ya mgongo wa tuta kutoka ncha hadi ncha. Huku kwetu mgongo wa tuta ni barabara. Ng'ombe wanapita, bodaboda wanapita, na mahali palipo na viboko nao wana njia yao wanayoipanda kila usiku. Pale wanapovukia, tuta hulika. Tuchukue tuta la urefu wa mita 200 lenye bonde la sentimita 40 katikati. Ukilichora kwa kipimo kimoja kwenye karatasi, mita 200 zikiwa sentimita 20, bonde lako litakuwa na kina cha milimita 0.4, yaani unene wa alama ya penseli. Halitaonekana. Mkaguzi ataandika kwamba tuta limenyooka, na kwa karatasi ile atakuwa mkweli. Ukuze mhimili wa wima mara 50, na bonde litakuwa sentimita 2, jeraha ambalo hata diwani atalinyooshea kidole.

Kisha, juu ya mchoro huohuo, piga mstari wa usawa wa utoro wa maji, ile njia ya pembeni inayotakiwa kuyaondoa maji ya ziada. Nafasi kati ya mstari huo na sehemu ya chini kabisa ya mgongo ndiyo akiba halisi mliyo nayo. Siyo ile iliyoandikwa kwenye michoro ya mkandarasi miaka 40 iliyopita. Nimeona utoro uliojengwa vizuri ukazibwa kwa magunia ya mchanga ili bwawa lishike maji zaidi kiangazi. Nia ilikuwa njema, kiu ilikuwa ya kweli, na akiba ya tuta ikaliwa yote.

Si mabwawa madogo tu yanayoumizwa kwenye utoro. Mwezi Mei 2003 mafuriko yaliharibu utoro wa Bwawa la Sasumua nchini Kenya, ambalo lilikuwa linaipatia Nairobi maji tangu miaka ya 1950.

Watu wengi wakisikia hatari ya mabwawa hufikiria tope linalojaa. Hapo Tanzania ina sifa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Sweden, akiwemo Anders Rapp, walipima tope katika mabwawa ya karibu na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walipima chini ya bwawa, wakachora ramani, wakaonyesha mabwawa yanakufa haraka kuliko walioyajenga walivyotarajia. Kazi ile bado ni mfano wa jinsi ya kuchora kwa uaminifu. Ila tope kwa kawaida huua manufaa ya bwawa kabla ya kuua tuta lake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli ndani ya mita 60 za kingo za maji ni muhimu, na kilimo cha kingoni Milala na kando ya Katuma kinaumiza. Lakini ukiwa na fedha ya kufanya jambo moja kabla ya mvua, safisha utoro.

Sasa niseme juu ya rangi, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Kila ripoti ya hatari siku hizi ina jedwali la miraba ya kijani, njano na nyekundu. Uwezekano wa tukio unapewa alama 1 hadi 5, madhara 1 hadi 5, zinazidishwa, mraba unapakwa rangi. Bwawa ambalo utoro wake hufurika kila mwaka na kulowesha shamba moja linapata 5 mara 2, jumla 10. Bwawa ambalo huenda likabomoka mara moja katika vizazi viwili na kufagia kijiji linapata 2 mara 5, jumla 10. Yote njano. Mkurugenzi anayapanga kwa alfabeti. Zaidi ya hapo, ripoti zetu hutolewa nakala kwa mashine ya wino mweusi. Nyekundu na kijani zote zinatoka kijivu, na aliyepokea nakala ya tatu hana habari yoyote. Kama lazima tupake rangi, tuandike na neno ndani ya mraba. Na kwa madhara, tuache alama tuandike idadi ya nyumba zilizo bondeni. Nyumba zinahesabika.

Hilo linanipeleka kwenye ramani ya bondeni, ile ambayo watu wenyewe wana haki ya kuiona.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, lilipasuka. Watu wasiopungua 47 walikufa. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Halikuwa kwenye orodha, kwa hiyo halikuwa kwenye ramani, na waliolala chini yake hawakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Septemba 2023, mji wa Derna nchini Libya ulifagiliwa usiku mmoja. Mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yalikuwa yamefuatana kwenye bonde moja. La juu lilipokatika, la chini halikuwa na la kufanya. Maelfu walikufa. Mwaka mmoja kabla, mtafiti Abdelwanees Ashoor alikuwa amechapisha hesabu za mafuriko ya bonde lile na kuonya kuwa mabwawa yanahitaji matengenezo. Hesabu zilikuwa sahihi, lakini zilikaa kwenye jarida la chuo kikuu.

Nikiutazama Mto Katuma ninawaza mambo hayo mawili kwa pamoja. Mto unashuka kwenye mashamba ya mpunga, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unapita maziwa ya Katavi na Chada, unaelekea Ziwa Rukwa. Kwa miaka mingi wakulima wamejenga vizuizi vya kuyageuza maji, na watafiti wameandika jinsi viboko wa hifadhini wanavyobanana kwenye matope kiangazi. Ugomvi huo tumeuzoea kama ugomvi wa uhaba. Ni wachache wanaouona kama mnyororo: kizuizi cha juu kikikatika Machi, maji yake yote yanafika kwenye kinachofuata kwa mpigo. Mchoro wake hauhitaji kompyuta. Chora mto kama mstari mmoja ulionyooka, weka kila kizuizi mahali pake kwa kilomita, andika kina chake na nani anakimiliki, kisha chini ya mstari weka vijiji, vivuko na shule. Mwenyekiti wa kijiji ataujaza vizuri zaidi kwa mchana mmoja kuliko mshauri elekezi kwa mwezi.

Vijana mtaniuliza setilaiti. Naam, zipo, na nyingi picha zake ni bure. Picha za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, kwa hiyo unaweza kuona bwawa lilivyokuwa likijaa na kukauka kabla hamjazaliwa. Sentinel-2 inatupatia picha mpya kila siku chache mawingu yakiruhusu, na Sentinel-1 inatumia rada inayopenya mawingu, jambo kubwa kwa Mpanda ya Januari. Kwa kuorodhesha malambo ambayo hayamo kwenye daftari la mtu, hakuna njia bora zaidi. Kuna pia mbinu ya kulinganisha picha za rada ili kupima kama tuta linazama hata kwa milimita. Kwenye kuta za zege na mawe inafanya kazi nzuri. Kwenye tuta dogo lililoota nyasi zinazobadilika kila wiki, rada hubabaika, na mimi nisingekubali kusaini ripoti inayoitegemea peke yake. Vigingi vinne vya zege na mpima ardhi mara mbili kwa mwaka vitawafaa zaidi.

Na msisahau ardhi tunayokalia. Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4 lilipiga ukanda wa Rukwa, mojawapo ya makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 lilikuja jingine la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Tetemeko likipita, kwenye grafu ya tarehe piga mstari wa wima siku hiyo, kisha rudi bwawani ukapime mvujo wiki ile ile, na wiki inayofuata. Nukta za baada ya siku hiyo zikihama mkanda kwenye mchoro wa kina na mvujo, mnajua pa kuanzia.

Nani afanye yote haya? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, pamoja na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za 2013, zimeweka usalama wa bwawa mabegani mwa mmiliki wake. Mkoa wetu umegawanyika kati ya Bonde la Ziwa Rukwa na Bonde la Ziwa Tanganyika, na ofisi za mabonde hayo ziko Mbeya na Kigoma. Hizo ni safari. Mlinzi yuko hapa. Mwenye bwawa anaweza kuwa halmashauri, mamlaka ya maji, kikundi cha umwagiliaji au mfugaji mmoja mwenye pesa, na wote wana wajibu uleule.

Ombi langu kwa viongozi mliopo ni dogo na lina tarehe. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, kila bwawa la mkoa huu liwe na rula iliyopakwa rangi upya, ndoo, daftari, na karatasi moja ya grafu ya kina na mvujo iliyobandikwa mahali ambapo wanaokaa bondeni wanaweza kuiona, ofisi ya kijiji au mlango wa zahanati. Gharama yake haifiki bei ya tairi moja la gari la halmashauri. Mlinzi apewe namba ya simu ya mhandisi wa bonde, na aambiwe wazi kwamba nukta ikihama mkanda apige simu siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao.